Ubingwa wa Gofu wa Magharibi na Karo ya Makedi

Mhariri aliponitaka niandike habari ya historia ya michezo, bila shaka alitazamia kandanda au riadha. Naomba radhi, nimechagua gofu. Najua wengi wetu mchezo huu tuliutazama kutoka nje ya ua tu, tukiuhesabu kuwa starehe ya wenye nafasi. Hata hivyo yapo mashindano fulani huko Marekani ambayo habari zake zinahusu karo ya shule zaidi ya vikombe, ndiyo maana nimeona yanalifaa gazeti letu.

Mashindano hayo ni Ubingwa wa Ridhaa wa Magharibi, kwa jina lake Western Amateur, yaliyoanza mwaka 1899 katika kiwanja cha Glen View, karibu na mji wa Chicago. Msomaji atauliza, Chicago na magharibi wapi na wapi? Siku zile wakubwa wa gofu walikuwa watu wa New York na Boston, na kwao kila kilichokuwa ng'ambo ya milima kilikuwa magharibi. Wenye klabu za Chicago wakaunda chama chao wenyewe, Western Golf Association, mwaka huohuo wa 1899. Bingwa wa kwanza, David Forgan, alikuwa mtu wa benki mzaliwa wa St Andrews, Uskoti, na baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza fimbo za gofu. Baada yake wakaja Waegan: Walter aliyeshinda 1903, na binamu yake Chandler aliyeshinda mara nne, 1902, 1904, 1905 na 1907. Huyo Chandler ndiye aliyeshindwa na George Lyon wa Kanada, mzee wa miaka 46, katika fainali ya Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904.

Lakini mtu aliyeyapa mashindano haya sura yake ni Charles Evans, aliyejulikana kwa jina la Chick. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1890, akahamia Chicago na wazazi wake angali mdogo, na alipokuwa na umri wa miaka minane akaanza kazi ya ukedi, yaani kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji, katika klabu ya Edgewater. Nyumba yao ilikuwa ya vitabu vingi na fedha chache. Baba yake alikuwa mkutubi aliyepoteza kazi mwaka 1901, kisha akajifungia kuandika orodha ya kila kitabu kilichochapwa Marekani tangu karne ya 17. Alitoa majuzuu 12 kabla ya kufariki mwaka 1935, na wataalamu wa maktaba wanayatumia hata leo. Kazi ya heshima kubwa, ila haikujaza chungu. Kijana Evans aliingia Chuo Kikuu cha Northwestern, akalazimika kuacha masomo kwa kukosa fedha.

Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Alitwaa Ubingwa wa Magharibi 1909, 1912, 1914 na 1915, halafu mara nne mfululizo kuanzia 1920 hadi 1923. Jumla mara nane! Mwaka 1910 alishinda pia Western Open, mashindano ambamo wachezaji wa kulipwa walishiriki. Na mwaka 1916 alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: alishinda ubingwa wa wazi wa Marekani na ule wa ridhaa katika mwaka mmoja. Katika ule wa wazi, uliochezwa Minikahda mjini Minneapolis, alitumia fimbo saba tu na kumaliza kwa mikwaju 286, rekodi iliyodumu miaka 20.

Hapa yafaa nieleze neno ridhaa, maana ndilo kiini cha habari yenyewe. Siku zile mchezaji wa ridhaa hakupaswa kupata fedha kutokana na mchezo wake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mchezaji wa ridhaa alipotunzwa, alikuwa amekwisha. Sheria hiyo haikuwabana sana akina Forgan wenye benki. Waliobanwa ni waliotoka katika ukedi. Francis Ouimet, kedi wa zamani wa Massachusetts aliyewashangaza Waingereza kwa kushinda ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 1913, alifungua duka la vifaa vya michezo, na mwaka 1916 chama cha taifa kikamvua uridhaa wake. Chama cha Magharibi kikakataa kuutambua uamuzi huo. Kikamruhusu kucheza mwaka 1917, naye akautwaa ubingwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo saa nzuri kupita zote za chama hicho uwanjani. Chama cha taifa kilimrudishia Ouimet hadhi yake mwaka 1918.

Basi Evans naye akafikia njia panda. Umaarufu ulimletea malipo, miongoni mwake yale ya santuri za mafunzo ya gofu alizorekodi. Angezipokea fedha hizo angeacha kuwa mchezaji wa ridhaa. Angezikataa zingepotea bure. Mama yake, kama Evans mwenyewe alivyosimulia, ndiye aliyetoa shauri kwamba zisomeshe makedi. Akakiendea chama cha Magharibi, na baada ya kusubiri miaka kadhaa chama kikakubali kuusimamia mfuko huo. Mwaka 1930 makedi wawili wa kwanza walianza masomo kwa fedha hizo, na chuo walichoingia kilikuwa Northwestern, kilekile alichokiacha Evans. Mwenyewe aliendelea kutafuta riziki kama watu wengine. Kwa miaka mingi aliuza maziwa kwa niaba ya kampuni moja, huku akicheza gofu bila malipo hadi uzeeni.

Washindi wa miaka ya baadaye wanajulikana hata kwa wasiofuata mchezo huu, kwa hiyo nitawapitia upesi. Jack Nicklaus alishinda 1961, Tom Weiskopf 1963, Ben Crenshaw 1973, Curtis Strange 1974, Phil Mickelson 1991, Justin Leonard 1992 na 1993, na Tiger Woods 1994 akiwa na miaka 18. Wengi wao waliingia katika gofu ya kulipwa wakatajirika. Si ajabu, kwani mashindano yenyewe ni chujio kali: mizunguko minne kwanza, kisha 16 bora wanapambana mmoja kwa mmoja. Rekodi ya Evans ya mara nane bado haijafikiwa na yeyote.

Evans alifariki mwaka 1979. Mfuko wake ungali chini ya chama hichohicho, na makedi huchaguliwa kwa kutazama kazi yao uwanjani, alama zao za darasani, tabia zao na uhitaji wa nyumbani kwao. Anayechaguliwa hulipiwa masomo na malazi. Waliokwisha kuhitimu wamezidi 12,000.