Fahamu Uraia wa Tajnisi na Haki Zinazoambatana Nao

Kwa miaka mingi dhahabu ya Geita na Kahama imewavuta watu kutoka mikoa mbalimbali na nchi jirani. Wapo wageni waliooa, wakalima na kulea watoto humo hata majirani wakawahesabu kuwa wenyeji. Hata hivyo, kuishi nchini kwa muda mrefu pekee hakumfanyi mgeni kuwa raia. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2013 katika Operesheni Kimbunga, iliyoendeshwa Kagera, Kigoma na Geita, ambapo miongoni mwa walioguswa walikuwamo walowezi wa miongo kadhaa.

Masharti ya maombi

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Mwombaji wa tajnisi anapaswa kuwa ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na kwa jumla ya miaka isiyopungua 7 ndani ya miaka 10 iliyotangulia kipindi hicho. Anatakiwa pia kujua Kiswahili au Kiingereza, kuwa na mwenendo mwema na kukusudia kuendelea kuishi nchini. Maombi huwasilishwa Idara ya Uhamiaji, na uamuzi ni wa Waziri mwenye dhamana. Kwa kuwa uraia pacha hauruhusiwi kwa watu wazima, mwombaji hulazimika kuukana uraia wake wa awali.

Mfano wa Ulyankulu

Mwaka 2010 Serikali iliridhia kuwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000, wakimbizi wa mwaka 1972 na vizazi vyao, katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo. Ugawaji wa vyeti ulianza mwaka 2014.

Haki na mipaka yake

Raia wa tajnisi anaweza kupiga kura, kumilikishwa ardhi na kuomba leseni ya uchimbaji mdogo wa madini, ambayo kisheria ni ya Watanzania. Hata hivyo, hawezi kugombea Urais, na uraia wake unaweza kufutwa kwa sababu zilizotajwa katika Sheria.

Wananchi wanakumbushwa kuwa barua ya serikali ya kijiji haimpi mtu uraia. Mwenye shaka kuhusu hadhi yake afike ofisi ya Uhamiaji ya wilaya au mkoa mapema.