Hukumu Ikifutwa, Hela Uliyolipishwa Inarudi?

Umetiwa hatiani, umelipishwa gharama za kesi na fidia, halafu rufaa inakusafisha. Ile hela inakuwaje? Huko Marekani swali hili lilifika mpaka Mahakama ya Juu, katika kesi ya Nelson dhidi ya Colorado, iliyoamuliwa Aprili 19, 2017.

Wadai walikuwa wawili. Wa kwanza, mwanamke, alitiwa hatiani mwaka 2006 na kuamriwa kulipa gharama, ada na fidia, jumla dola 8,192.50. Akiwa gerezani, jimbo likawa linamkata kwenye akaunti yake ya mfungwa, kidogo kidogo, hadi dola 702.10. Rufaa ikabatilisha hukumu, kesi ikasikilizwa upya, akaonekana hana hatia. Wa pili, mwanaume, alikuwa ameshalipa dola 1,977.75 kabla hukumu zake hazijaondolewa. Jimbo halikumshtaki tena.

Wote wakataka chao. Colorado ikagoma. Hoja yake: wakati hela inakatwa, hukumu ilikuwa hai, kwa hiyo ni mali ya jimbo. Anayeitaka afungue kesi nyingine ya madai, chini ya sheria ya fidia kwa waliofungwa kimakosa, na athibitishe mwenyewe, kwa ushahidi mzito, kwamba kosa hakulitenda.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Sheria hiyo haikugusa kabisa hela iliyolipwa kwa makosa madogo, na mwanamke yule alikuwa na matatu ya aina hiyo. Halafu piga hesabu: wakili wa kesi kama hiyo anaweza kumeza zaidi ya dola 702 zinazodaiwa. Nani angejisumbua?

Mahakama ya Juu ilikataa utaratibu huo kwa majaji saba dhidi ya mmoja. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba hukumu ikishafutwa, mtu anarudi kuwa asiye na hatia, na jimbo haliwezi kumwona ana hatia kiasi cha kubaki na hela yake. Kumdai athibitishe usafi wake ni kukiuka Marekebisho ya 14 ya Katiba. Kurudishiwa hela, alisema, si sawa na kulipwa fidia ya miaka iliyopotea jela. Hiyo ni kesi nyingine.

Jaji Samuel Alito alikubali matokeo lakini si hoja zote, hasa kuhusu fidia ambayo huenda kwa waathirika. Clarence Thomas peke yake alipinga. Neil Gorsuch, aliyekuwa ndiyo kwanza ameapishwa mwezi huo, hakushiriki.

Mwaka huohuo wa 2017 Colorado ikawa na sheria mpya ya kurejesha hela kama hizo.

Uamuzi huu unamhusu ambaye hukumu yake ya hatia imefutwa na hatashtakiwa tena. Aliyepunguziwa kifungo tu huku hatia ikibaki palepale, huo si mlango wake.