Kasi Isiyopotosha: Uundaji wa Taswira katika Skana za PET za Ubongo

Makala hii inatetea hoja moja: kasi ya kuunda taswira ya ubongo itafutwe katika umbo la mashine na la data zake, si katika kuipunguza fizikia inayoifanya taswira iaminike. Suala hili haliwahusu wahandisi peke yao, kwani namba zitokazo katika taswira za PET (tomografia ya utoaji wa positroni) hutumika kupima dawa mpya na kuchunguza maradhi kama Parkinson na Alzheimer.

Ukubwa wa tatizo unaonekana katika HRRT, skana iliyobuniwa mahsusi kwa ubongo. Ina fuwele 119,808 zilizopangwa katika paneli nane. Fuwele mbili zinaponasa kwa pamoja fotoni za keV 511 zilizotokana na positroni moja, huainisha mstari ambao chanzo kiko juu yake, na mistari ya namna hiyo hufikia takriban bilioni 4.5. Taswira yenyewe ina vokseli (vipande vidogo vya ujazo) 256 × 256 × 207, zaidi ya milioni 13. Jedwali la kuhusisha kila mstari na kila vokseli lingekuwa na nafasi zipatazo bilioni moja mara milioni 60. Halihifadhiki; lazima likokotolewe kila linapohitajika.

Mwaka 1982 Shepp na Vardi walionyesha jinsi ya kukadiria taswira kwa kurudiarudia hesabu zinazozingatia takwimu za Poisson. Mbinu hiyo ilikuwa sahihi lakini nzito. Mwaka 1994 Hudson na Larkin waliigawa data katika mafungu, wakairekebisha taswira baada ya kila fungu, na muda ukapungua sana. Hata hivyo, vipande vifupi vya muda wa upigaji, vyenye matukio machache (minaso ya jozi za fotoni), vilifichua kasoro. Data ikishaondolewa matukio ya nasibu (jozi za fotoni zisizotokana na positroni moja) kabla ya hesabu, kisha thamani hasi zikazuiliwa, maeneo yenye mnururisho hafifu huonekana kuwa na mwingi kuliko uliopo. Tiba ilikuwa kuyaingiza matukio ya nasibu na mtawanyiko wa fotoni ndani ya modeli yenyewe ya hesabu. Usahihi ulirudi kwa kuongeza fizikia.

Ziko njia za kasi zisizodai kupunguza usahihi huo. Mpangilio wa paneli nane haubadiliki ukizungushwa nyuzi 90 au ukiakisiwa, hivyo hesabu ya mstari mmoja huwafaa wenzake kadhaa. Tena kila mstari hugusa vokseli chache tu, na nafasi zake nyingine zote katika jedwali ni sifuri. Katika vipande vifupi, matukio huwa machache kuliko mistari. Kuyashughulikia moja baada ya jingine huepusha kazi bure, na huruhusu kila tukio kusahihishwa kulingana na mwendo wa kichwa. Kwa skana inayotofautisha milimita 2.5, sahihisho hilo ni la lazima.

Wapo wanaosema kompyuta zenye kasi zaidi zitamaliza tatizo. Hoja hiyo haitoshi: fuwele zikiongezeka maradufu, mistari huongezeka takriban mara nne. Mashine mpya huja na data mpya.

Kwa hiyo kila mbinu ya kuharakisha, ikiwemo ile inayotegemea akili mnemba, ipimwe kwanza kwenye vipande vyenye matukio machache, dhidi ya modeli kamili. Ikibadilisha kipimo cha mnururisho katika tishu, haijaokoa muda. Imemhamishia mgonjwa gharama ya hesabu iliyorukwa.