Majonzi mawili, bunge moja

Ndugu msikilizaji, tukisikia habari za muswada bungeni, wengi wetu huuliza swali moja tu: umepita au umekataliwa? Juma hili nataka nikupeleke Texas, jimbo la Marekani, ambako muswada unaweza kufa bila bunge zima kuupigia kura.

Wengi hudhani Texas, kwa sifa yake ya wachunga ng'ombe wenye bastola kiunoni, iliruhusu silaha siku zote. Sivyo. Mwaka 1871, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunge la jimbo lilipiga marufuku raia kutembea na bastola, isipokuwa wachache kama vile wasafiri. Katazo hilo lilidumu zaidi ya miaka 120.

Tarehe 16 Oktoba 1991, mtu mmoja aligongesha gari lake hadi ndani ya mkahawa wa Luby's mjini Killeen, akaua watu 23 kwa risasi, kisha akajiua. Suzanna Gratia Hupp alikuwemo pamoja na wazazi wake. Bastola yake alikuwa ameiacha garini kwa kuogopa sheria. Yeye aliponea dirishani. Baba na mama wakauawa. Tangu siku hiyo alikwenda huku na huko akisema kwamba sheria ndiyo iliyomnyima nafasi ya kuwaokoa.

Mwaka 1993 wabunge walipitisha muswada wa kuwauliza wapiga kura kama raia waruhusiwe kubeba bastola iliyofichwa. Gavana Ann Richards akaukataa. Je, mambo yaliishia hapo? Hata kidogo. Mwaka 1994 Richards alishindwa uchaguzi na George W. Bush, na Mei 1995 Bush akatia saini sheria ya kubeba bastola kwa kibali, baada ya mafunzo na uchunguzi. Mwaka 1996 Hupp mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge. Mlango ulikuwa umefunguka: mwaka 2015 ikaruhusiwa kubeba bastola waziwazi kwa kibali, na mwaka 2021 sharti la kibali chenyewe likaondolewa.

Sasa sikiliza upande wa pili. Tarehe 24 Mei 2022, kijana wa miaka 18 aliwaua watoto 19 na walimu wawili katika shule ya msingi mjini Uvalde, kwa bunduki aliyoinunua muda mfupi baada ya kutimiza umri huo. Wazazi wakaenda bungeni Austin kuomba jambo moja: umri wa kununua bunduki za aina ile upandishwe hadi miaka 21. Walingoja hadi usiku wa manane ili wasikilizwe. Tarehe 8 Mei 2023, siku mbili baada ya watu wanane kuuawa kwenye maduka ya Allen, kamati iliupitisha muswada wao kwa kura 8 dhidi ya 5.

Kumbe furaha ilikuwa ya siku moja! Bunge la Texas kwa kawaida hukutana siku 140 tu, mara moja kila miaka miwili, na kila hatua ina siku yake ya mwisho. Kesho yake ndiyo ilikuwa mwisho wa kuuweka muswada kwenye ratiba. Haukuwekwa. Ukafa.

Mimi sina mizani ya kupima majonzi ya Hupp na ya wazazi wa Uvalde. Yote ni ya watu waliozika wapendwa wao. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini wazazi wa Uvalde walikuwepo, na lao bado halikuwepo. Hupp naye alishindwa mara ya kwanza. Kilichobadilika baadaye ni gavana, si hoja.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku ukiambiwa kwamba muswada umepita kwenye kamati, usianze kushangilia. Uliza kwanza: ratiba inapangwa na nani?