Mshahara Umeingia Ukizidi? Soma Hii Kabla Uguse Hiyo Doh

Mwisho wa mwezi simu inalia, unacheki meseji ya benki, na hesabu haiingii. Ulikuwa unangoja 32 thao na kitu, imeingia 45. Kabla upigie mabeshte uwashow leo bill ni juu yako, tulia kwanza. Hii story iko na sheria yake, na sheria hiyohiyo inakulinda wewe pia ka unaijua.

Wengi mnakumbuka yule jamaa wa Chile. Mwaka wa 2022 kampuni yake ya chakula ilimtumia peso milioni 165 badala ya 500,000. Aliahidi atazirudisha, halafu akaandika barua ya kuacha kazi na akapotea. Mwaka wa 2025 korti ya huko ikasema huo si wizi, na watu mtandaoni wakashangilia ka wameshinda jackpot.

Buda, hiyo ni Chile. Huku kwetu mambo ni tofauti.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Sheria mbili ndizo zinakuhusu. Ya kwanza ni Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 19 kinamruhusu mdosi kukata kwa mshahara wako pesa yoyote aliyokulipa zaidi kwa makosa. Kwa hivyo ile ya "makosa ni yao, si yangu" haikusaidii. Pesa bado ni yao.

Ya pili ni ile ya makosa ya mitandao ya 2018. Kifungu cha 35 kinasema ukificha au kuzuilia kusudi malipo ya kielektroniki yaliyokufikia kimakosa, ni hatia. Faini inafika Sh200,000, au jela hadi miaka 2, au zote mbili. Neno la kushika hapo ni "kusudi". Kupokea si kosa. Kuona, kujua, halafu kujifanya hukuona, hapo ndipo noma inaanzia.

Sasa ufanye nini?

1. Cheki payslip
Labda si makosa. Inaweza kuwa ovataimu, pesa ya likizo ama nyongeza iliyochelewa. Payslip ni haki yako na inafaa kuonyesha kila kitu kilichoingia na kila kilichokatwa. Ka kuna laini huielewi, uliza.

2. Andika, usipige simu tu
Simu haiachi ushahidi. Tuma imeili ama hata WhatsApp kwa HR, fupi tu: "Habari. Mshahara wa mwezi huu umeingia Sh45,312 badala ya Sh32,747. Naomba mniangalizie na mnitumie hesabu kwa maandishi." Piga skrinshoti uweke. Hiyo meseji moja ndiyo itakuokoa siku mtu akisema ulificha.

3. Toa hiyo doh njiani
Ka mshahara wako unaingia M-Pesa na uko na deni la Fuliza, system inajilipa yenyewe kabla hata ufungue simu. Benki nayo inaweza kukata loan. Kile kimebaki, kiweke mahali hutakigusa. Na ka Fuliza imekula kipande, sema mapema kwa ileile meseji.

4. Rudisha ile iliyokufikia, si ile waliandika
Hapa ndipo wasee wengi wanapigwa. Chukua mshahara wako ni 40,000 kabla ya makato, HR akaandika 60,000. Wao wataona wamezidisha 20,000. Lakini wewe hukupata 20,000 mkononi. Kwa viwango vya sasa, hiyo nyongeza imekatwa NSSF 1,200, SHA 550, housing levy 300, na PAYE 5,385. Iliyokufikia ni 12,565 pekee.

Ukirudisha 20,000 mzima, umetoa 7,435 mfukoni mwako kulipia makosa ya mtu mwingine. Waambie warekebishe mshahara kwenye system yao na makato yarekebishwe pia. PAYE inafaa kufika KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hivyo ukiongea mapema kazi inakuwa rahisi. Mwaka ukiisha, cheki fomu ya P9 ionyeshe mshahara wako halisi, si ule wa makosa.

5. Usitume kwa namba ya mtu
Msee akikupigia akisema "mimi ni wa accounts, rudisha kwa hii namba yangu," kataa. Pesa inarudi kwa akaunti ya kampuni ama inakatwa kwa mshahara unaofuata, na yote iandikwe. Conmen wanajua tarehe za mshahara kukuliko.

Na ka nishaikula?

Hutafungwa kwa sababu ulinunua unga na kulipa rent bila kujua. Lakini deni liko. Omba kulipa pole pole na uandike mpango: kiasi gani, miezi mingapi. Wakikubali, pata jibu lao kwa maandishi.

Na hapa ndipo sheria inakushikilia wewe. Makato yote kwa jumla, ukiweka kodi, loan na hii ya makosa, hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Ka mshahara ni 30,000, lazima uende home na 10,000 hivi. Mdosi hawezi kufagia mshahara wote juu ya makosa ya karani wake. Akifanya hivyo, chukua payslip na zile meseji uende ofisi ya leba iliyo karibu.

Wanaweza kunifuta?

Ukificha, unaweza kufutwa, maana wataita hiyo utovu wa nidhamu. Lakini hata hapo lazima wakueleze kosa kwa lugha unayoelewa na wakusikize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa union. Ukiwa ulisema mwenyewe, tena kwa maandishi, hawana kitu cha kukushikia.

Na ka ulikuwa unapanga kuacha kazi, deni halibaki kwa desk. Linaweza kukatwa kwa pesa zako za mwisho. Dai hesabu kamili kabla usaini kitu chochote.

Kwa ufupi: sema mapema, andika kila kitu, rudisha iliyokufikia peke yake, na usikubali kubaki na sufuri. Tumia hii beshte wako anayelipwa kesho.