Nyayo za Nani? Njia ya Pwani ya Normandy na Mchoraji Claude Monet

Katika pwani ya kaskazini ya Ufaransa iko njia ya miguu ianziayo katika bandari ya Le Havre na kuishia Le Tréport, mwendo wa zaidi ya kilomita 170. Upande mmoja wa njia hiyo ni mashamba na malisho. Upande wa pili ni bahari, mbali chini ya majabali meupe ya chaki ambayo mahali pengine kimo chake hupita mita 100. Waipitao siku hizi hupenda kusema kwamba wanafuata nyayo za mchoraji Claude Monet, na katika baadhi ya vituo yamewekwa mabango yenye nakala za picha zake, ili mpitaji aitazame picha, kisha ainue macho aitazame bahari ile ile. Sisi tulio walimu wa lugha na utamaduni twaona kwamba usemi huo, ingawa una ukweli, wastahili kuchunguzwa. Nyayo za mtu mmoja hazifanyi njia.

Monet alizaliwa Paris mwaka 1840, akahamia Le Havre pamoja na wazazi wake angali mtoto wa miaka kama mitano. Katika ujana wake alijulikana mjini kwa vikaragosi alivyowachora wakazi na kuviuza. Yapata mwaka 1858 alikutana na Eugène Boudin, mchoraji mzaliwa wa Honfleur, ng'ambo ya mlango wa mto Seine. Boudin ndiye aliyemshawishi atoke nje, akachore chini ya mbingu yenyewe badala ya kujifungia chumbani. Kwa hiyo, hata mwanzoni mwa safari yake, Monet alikuwa akitembea nyuma ya mtu mwingine.

Mwaka 1872, akiwa dirishani katika hoteli moja ya Le Havre, aliichora bandari wakati wa kucha: ukungu, milingoti, mashua ndogo, na jua jekundu juu ya maji. Picha hiyo, iitwayo Impression, soleil levant, ilionyeshwa Paris mwaka 1874. Mhakiki Louis Leroy aliifanyia mzaha, na kutokana na mzaha huo kundi zima la wachoraji wale likapata jina linalotumika hadi leo. Mnamo Septemba 1944 mabomu ya vita yaliteketeza sehemu kubwa ya mji, na bandari aliyoiona Monet haipo tena. Hata hivyo, watafiti waliopima mahali pa jua, kimo cha maji na taarifa za hali ya hewa walipendekeza, mwaka 2014, kwamba picha ile ni ya asubuhi ya tarehe 13 Novemba 1872. Hapo picha yageuka kuwa hati ya historia: mji umekwenda, ushahidi umebaki.

Mwendaji akitoka Le Havre kuelekea kaskazini hufika Étretat, mji mdogo uliokaa kati ya majabali mawili. Bahari imeyatoboa majabali hayo na kufanya matao makubwa, na kando ya tao moja yasimama nguzo ya mawe iitwayo Sindano, yenye kimo cha zaidi ya mita 50. Monet alikaa huko katika majira ya baridi ya 1868 hadi 1869, akarudi mwaka 1883, kisha mwaka 1885 na 1886. Mwandishi Guy de Maupassant, aliyekulia sehemu hizo, alimfuata mchoraji huyu katika matembezi yake, na mwaka 1886 akaandika aliyoyaona: watoto wakimchukulia Monet vitambaa vitano au sita vya kuchorea, vyote vya mandhari moja kwa saa mbalimbali, naye akiacha kimoja na kushika kingine kila mbingu ilipobadilika.

Kazi hiyo haikuwa ya starehe. Mwezi Novemba 1885 Monet alikuwa akichora chini ya tao kubwa liitwalo Manneporte, akiamini kwamba maji yanakupwa. Kumbe alikosea saa. Maji yalikuwa yakijaa. Wimbi lilimbamiza jabalini, kisha likamvuta. Alijiokoa kwa kutambaa, ndevu zake zimejaa rangi, na vyombo vyake vikachukuliwa na bahari. Habari hii twaipata katika barua yake mwenyewe kwa Alice Hoschedé. Yatufundisha kwamba mvuvi yeyote wa Étretat aliijua bahari ile kuliko bwana aliyeifanya iwe mashuhuri.

Wala Monet hakuwa mchoraji wa kwanza mahali hapo. Delacroix alipita kabla yake, na Courbet aliyachora majabali yale yale mwaka 1869. Mwaka 1883 Monet alikiri katika barua kwamba ni ujasiri mkubwa kulichora jabali hilo baada ya Courbet, ila atajaribu kulichora kwa namna nyingine. Twaona basi kwamba msanii mwenyewe alijua kuwa njia imeshakanyagwa.

Ni nani basi walioitengeneza? Jibu tunalipata katika picha zake. Mwaka 1882 Monet alikaa Pourville na Varengeville, karibu na Dieppe, akachora mara kwa mara kibanda kidogo cha mawe kilicho juu ya jabali. Mwaka 1896 na 1897 alirudi akakichora tena. Kibanda hicho kilikuwa cha walinzi wa forodha. Tangu mwaka 1791, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, walinzi wa namna hiyo walipangwa kuzunguka pwani mchana na usiku kuzuia magendo. Miguu yao, katika mvua na upepo, ndiyo iliyochimba sehemu nyingi za njia za pwani za nchi hiyo, na hata leo Wafaransa huziita njia za walinzi wa forodha. Hao hawakutia sahihi popote.

Wapo na wengine. Katika picha za Étretat mna mashua zilizovutwa juu ya kokoto, na mna mashua kuukuu zisizofaa tena baharini, zilizoezekwa nyasi zikawa ghala za nyavu. Wanawake wa mji, maji yalipokupwa, walifua nguo ufukweni penye chemchemi za maji matamu zinazobubujika chini ya kokoto. Hao nao walikuwa na njia zao, za kwenda kazini na kurudi.

Jambo hili si la zamani tu. Pwani nzuri huvuta wenye mali, na wenye mali hujenga kuta. Ndiyo maana sheria ya Ufaransa ya tarehe 31 Desemba 1976 iliwawekea wenye ardhi iliyopakana na ufuko wajibu wa kuacha upana wa mita 3 kwa waendao kwa miguu. Njia iliyowekwa ili serikali iwawinde watu wa magendo imekuwa haki ya raia wote. Lakini haki hiyo nayo ina gharama. Chaki ni jiwe laini; mvua na mawimbi huimomonyoa, na miguu ya wageni wengi mno hukwangua nyasi zilizoshika udongo. Vipande vya majabali huporomoka, na baadhi ya sehemu za njia hulazimika kufungwa au kusogezwa bara. Wanaokuja kwa kupenda picha wanasaidia kukiharibu kilichochorwa.

Waliosema kwamba mwacha asili ni mtumwa hawakukosea. Lugha tunayoifundisha katika nchi za bara ililetwa kwa njia za miguu, nayo historia ya njia hizo kwa muda mrefu iliandikwa kwa majina ya wageni wachache. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858; lakini njia waliyoifuata ilikuwa ya misafara, na wapagazi waliikanyaga kabla yao na baada yao. Hatusemi majina ya wageni yafutwe, kama tusivyosema la Monet liondolewe Étretat. Twasema kwamba mwalimu anapowatajia wanafunzi njia, na awaulize maswali matatu: ni nani aliyeichora au kuiandika, ni nani aliyeitengeneza kwa miguu yake, na ni nani leo mwenye haki ya kuipita? Picha ya kibanda kile cha Varengeville yajibu la kwanza kwa sahihi iliyo pembeni. La pili imelijibu kwa kibanda chenyewe. La tatu haliwezi kujibiwa na picha. Hulindwa na sheria, na watu walio tayari kuitetea.