Kwa nini Mahagi-Port imenyamaza?

Kila likizo ikikaribia swali ni lile lile: twende wapi? Safari hii mmoja wetu aliandika anatafuta mji mdogo wenye bichi, usio na watu wengi, usio na kelele, na nauli isimmalize. Majibu yakamiminika: Goma, Entebbe, mwingine akaruka mpaka Mombasa. Nilisoma yote, na hakuna hata mmoja aliyetaja Mahagi-Port. Teritwari jirani kabisa! Sisi watu wa Aru tunajua njia ya Arua kuliko njia ya ziwa letu wenyewe.

Mimi nilishuka kule, nikalala siku mbili. Unatoka Mahagi-cité kwenye baridi ya milimani, unateremka na moto, kona juu ya kona, na joto linapanda kadiri unavyoshuka, kwa sababu Ziwa Albert liko kwenye mita 619 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Chini kuna mitumbwi, nyavu zilizoanikwa, samaki juani, na ng'ambo unaiona Uganda. Mchana unaweza kukaa saa nzima usisikie injini. Utulivu mwenye kuuliza alioutaka, uko. (Lakini kuoga ziwani, fikiri mara mbili: kichocho katika ziwa hili si hadithi.)

Kilichonisumbua ni jina. Port. Nani alijenga bandari mahali penye kunyamaza hivi?

Jibu linaanza na mpaka, na mpaka huo unatuhusu sisi wa Aru moja kwa moja. Kwetu mpaka unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wetu, maji yanaenda Kibali, Uele, Ubangi, mto Kongo, mpaka Atlantiki. Ikinyesha upande wa Arua, yanaenda Nile. Lakini ukifika Mahagi, Kongo inaruka ule mgongo na kushuka mpaka ziwani, kwenye maji ya Nile. Hiyo haikuja yenyewe. Tarehe 12 Mei 1894 Waingereza walifanya mkataba na Leopold II. Walimkodisha eneo la Lado, ukingo wa magharibi wa Nile, kwa muda wa maisha yake. Pamoja na hilo walimpa kipande chenye upana wa kilomita 25, kutoka mgongo wa maji mpaka ziwani, na bandari ya Mahagi ndani yake. Alichokuwa anakitaka ni Nile. Mkataba wa 1906 ukaamua kwamba akifa, Lado irudi. Alikufa Desemba 1909, na mwaka 1910 Lado ikaenda Sudan. Sehemu yake ya kusini ikaingia Uganda mwaka 1914, ndiyo West Nile ya leo. Kipande cha Mahagi kikabaki Kongo. Mwaka huo huo wa 1910 Wabelgiji na Waingereza walielewana mpaka upite katikati ya ziwa.

Kwa maneno mengine, bichi hii tulibakishiwa kutoka ndoto ya mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo. Waalur hawakuulizwa. Leo wengine wako Mahagi, wengine Nebbi, Zombo na Pakwach, kama vile Walugbara walivyogawanywa kati ya Aru na Arua.

Na msidhani ziwa lilikuwa kimya kabla ya hapo. Miaka ya 1880 Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri, alikuwa na masuwa mbili za mvuke, Khedive na Nyanza, zilizopita Nile mpaka Ziwa Albert. Aprili 1888 alishuka na Khedive kukutana na Stanley kwenye ukingo wa kusini-magharibi, upande wetu huu wa leo.

Wakati wa koloni ndipo bandari ilipata kazi kweli. Fuateni njia ya mzigo: unashushwa Mombasa, unapanda treni mpaka Namasagali, unaingia masuwa ya Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, unabebwa kwa barabara mpaka Butiaba, halafu unavuka Ziwa Albert kuja Kasenyi au Mahagi-Port. Kwa hiyo yule aliyejibu "Mombasa" hakukosea sana, kulikuwaka njia! Mwaka 1930 Waingereza waliingiza ziwani masuwa kubwa, Robert Coryndon, yenye makao yake Butiaba. Butiaba yenyewe ilikuwa na uwanja wa ndege. Januari 1954 ndege iliyombeba Hemingway iliungua pale, siku moja tu baada ya ile ya kwanza kuanguka karibu na Murchison.

Kisha mambo yakaharibika karibu kwa pamoja. Mvua za mwanzo wa miaka ya 1960 zilipandisha maziwa, bandari ya Butiaba ikaingia maji, na Robert Coryndon ikazama mwaka 1964. Mwaka huo huo reli ya Uganda ilifika Pakwach, kwa hiyo upande wao hawakuwa tena na haja kubwa ya masuwa. Na upande wetu, 1964 ni mwaka wa Wasimba. Wenzetu walijenga njia nyingine. Sisi tulibaki na ukingo wa ziwa bila njia. Baadaye biashara yetu ilihamia juu, Ariwara na Arua, kwa malori. Ziwa likabadilishwa jina, likaitwa Mobutu Sese Seko, bila kurudishiwa masuwa.

Ndiyo maana sipendi tukiandika "bichi isiyojulikana" kama vile hakuna mtu aliyewahi kuifahamu. Ilijulikana London na Brussels kabla babu zetu hawajaambiwa wao ni raia wa wapi. Na ziwa hili halikuwa la kupumzika tu: mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walilivuka kwa mitumbwi kukimbilia Uganda, wengi wakitokea upande wa Kasenyi na Tchomia.

Kwa mwenye kuuliza: ndiyo, nenda. Ila Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, basi uliza habari za njia Mahagi-cité kabla ya kuteremka, beba vitambulisho vyako na chandarua. Samaki utapata palepale, kwa wavuvi wenyewe, na ukijua Kialur kidogo bei inashuka.